Kuhamisha Programu ya Hesabu ya Enzi za DOS Bila Kupoteza Hata Senti

Ziko ofisi za vyama vya akiba na mikopo, maduka ya jumla na shule ambazo leja zao bado zimo ndani ya programu iliyoandikwa kwa Clipper, dBase au FoxPro, lugha za kuandikia programu za DOS (mfumo endeshi uliotangulia Windows), miaka 25 au 30 iliyopita. Programu hizo zinafanya kazi vizuri: karani anabonyeza vitufe viwili, skrini ya bluu inafunguka, na salio la mwanachama linaonekana papo hapo. Kilichozeeka ni mazingira yanayozibeba. Ashton-Tate, kampuni iliyotengeneza dBase, ilinunuliwa na Borland mwaka 1991. Nantucket, wenye Clipper, walichukuliwa na Computer Associates mwaka 1992, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua Fox Software. Toleo la mwisho la ukoo wa FoxPro, yaani Visual FoxPro 9, lilipoteza msaada wa mtengenezaji tarehe 13 Januari 2015. Kuhusu Windows, matoleo ya biti 64 hayana kabisa sehemu inayoendesha programu za DOS, Windows 11 kwenye kompyuta inatolewa kwa biti 64 tu, na Windows 10 ya biti 32, ambayo ndiyo ilikuwa makazi ya mwisho ya programu hizi, ilifikia ukomo wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi aliyekabidhiwa kazi ya kuihamisha programu ya namna hiyo, na kwa meneja atakayemlipa. Mambo mengi humu yanafaa kwa mfumo wowote uliotelekezwa na mtengenezaji wake, lakini nimeona ni afadhali kushika mfano mmoja, yaani leja ya chama cha akiba na mikopo iliyoandikwa kwa Clipper, na kuufuata mpaka mwisho. Msimamo wangu ni mmoja tangu mwanzo: programu ya zamani ndiyo mkataba, na mfumo mpya hauhesabiki kuwa umekamilika mpaka utoe ripoti zilezile, kwa kiasi kilekile, senti kwa senti, au pale zinapotofautiana, sababu ya tofauti iwe imeandikwa na kutiwa sahihi na mhasibu.

Kulinda kilichopo

Kabla ya kugusa chochote, zima kompyuta ya zamani, toa diski yake na uinakili nzima kwa kutumia kompyuta nyingine. Diski za IDE za wakati ule huunganishwa kwa adapta ya USB, na ukiwa kwenye Linux, programu iitwayo ddrescue husoma kwanza sehemu zote zilizo salama, halafu hurudi kuzijaribu taratibu zile zilizoharibika. Nakili diski yote, usiishie kwenye folda ya programu peke yake, kwa sababu mipangilio muhimu huwa katika CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, mafaili ambayo DOS huyasoma inapowaka, na si ajabu kukuta faili la riba au la matawi limewekwa kwenye folda ambayo hakuna anayeikumbuka. Tengeneza nakala tatu, moja ikae nje ya jengo, na kila nakala ikokotolewe alama ya SHA-256 ili baadaye uweze kuthibitisha kwamba hakuna baiti iliyobadilika.

Angalia pia betri ndogo inayotunza saa ya kompyuta. Betri hiyo ikifa, kompyuta nyingi za zamani huwaka zikiwa na tarehe 1 Januari 1980, ambayo ndiyo mwanzo wa kalenda ya DOS, na programu huigonga tarehe hiyo kwenye vocha bila kuuliza. Ukikuta miamala ya mwaka 1980 katika chama kilichoanzishwa mwaka 1996, usidhani ni wizi. Linganisha namba za vocha zilizotangulia na zilizofuata, nawe utapata tarehe ya kweli.

Jambo moja zaidi kabla hujaondoka na nakala hizo. Majina, namba za vitambulisho na madeni ya watu ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kama Kenya ilivyo na yake ya mwaka 2019. Pata ruhusa ya maandishi, funga nakala kwa nywila, na usizitume kwa simu.

Kupata muda wa kufanya kazi bila haraka

Kazi hii huharibika inapofanywa chini ya shinikizo la mashine inayokata roho. Kwa hiyo hatua inayofuata ni kuifanya programu ya zamani iendelee kufanya kazi kwenye kompyuta ya sasa, ili ofisi isisimame. Unaweza kuweka FreeDOS (DOS huria) ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigwa na programu, kwa VirtualBox au QEMU, au ukatumia programu za kuiga DOS kama vDosPlus na DOSBox-X. DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, na wenyewe wanalisema hilo wazi. Hatari yake kubwa kwa ofisi ni ufungaji wa rekodi: makarani wawili wakifungua leja moja kupitia mtandao wakati mfumo unaoiga DOS haufungi rekodi inayohaririwa, mmoja ataandika juu ya kazi ya mwenzake na hakuna onyo litakalotokea. Mpaka utakapokuwa umelijaribu jambo hili kwa mikono yako, kwa kompyuta mbili na mwanachama mmoja wa majaribio, ruhusu mtu mmoja tu kuingiza data.

Faida ya pili ya hatua hii ni kwamba sasa unayo maabara. Unaweza kuvunja nakala, kuifuta, na kuirudisha mara mia, bila kugusa leja halisi.

Kuisoma data ilivyo kweli

Hapa ndipo muda wako mwingi unapaswa kwenda. Faili la DBF, ambamo programu hizi huhifadhi rekodi zake, ni jepesi kulielewa: baiti 32 za mwanzo zinaeleza faili lenyewe, kisha kila uga (safu moja ya data, kama jina au kiasi) unaelezwa kwa baiti nyingine 32, ndipo zinafuata rekodi zenye urefu sawa, moja baada ya nyingine. Ndani ya zile baiti za mwanzo mna idadi ya rekodi, urefu wa kichwa (sehemu yote inayotangulia rekodi) na urefu wa rekodi moja, na namba hizi tatu zinakupa kipimo cha kwanza cha afya ya faili. Chukua faili la miamala lenye nyuga 14, ambalo kichwa chake kina baiti 481, rekodi moja ina baiti 118, na kichwa kinasema kuna rekodi 6,250. Ukizidisha na kujumlisha, pamoja na baiti moja ya kufunga faili, unapata baiti 737,982. Ikiwa faili kwenye diski lina baiti 742,702, ziada ya 4,720 ni rekodi 40 kamili ambazo ziliandikwa lakini kichwa hakikuwahi kuzihesabu, mara nyingi kwa sababu umeme ulikatika kabla programu haijafunga faili. Programu yoyote ya kusoma DBF inayoamini kichwa peke yake itaziacha rekodi hizo 40 bila kukuambia. Fanya hesabu hii kwa kila faili. Ni kazi ya nusu saa.

Baiti ya kwanza ya kila rekodi ni alama ya kufutwa. Nafasi tupu maana yake rekodi ni hai, na kinyota maana yake imefutwa; lakini rekodi iliyofutwa hubaki ndani ya faili mpaka mtu atoe amri ya PACK. Ubaya ni kwamba programu huamua yenyewe kama itaziona rekodi hizo au la, kutegemea amri ya SET DELETED, na nimekutana na programu ambayo skrini yake ya kuulizia salio iliziruka huku ripoti ya mwisho wa mwezi ikizijumlisha. Kwa hiyo usitupe rekodi zilizofutwa wakati wa kuhamisha. Zihamishe zote, weka safu ya ziada inayosema ipi ilifutwa, kisha uamuzi ufanywe na mhasibu akiwa na ripoti mbili mkononi.

Upana wa nyuga za fedha unahitaji jicho kali katika nchi zetu. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takriban shilingi 17 za Tanzania, na sasa ni zaidi ya shilingi 2,000. Mwandishi wa programu aliyetenga upana wa herufi 10 zenye desimali 2 alidhani ametenga nafasi ya kutosha, lakini nukta nayo inachukua herufi moja, kwa hiyo kiasi kikubwa kinachoweza kuingia ni 9,999,999.99. Mkopo wa shilingi milioni 12 hauingii. Baadhi ya programu hukataa kwa kutoa kosa, nyingine hujaza uga wote kwa vinyota na kiasi kikapotea. Tafuta vinyota katika kila uga wa namba, kisha uliza makarani walikuwa wakifanya nini mkopo mkubwa ulipokuja. Katika kazi moja niliyoifanya, jibu lilikuwa kwamba waliugawanya mkopo katika mikopo miwili ya mtu mmoja yenye tarehe moja. Kama nisingeuliza, mfumo mpya ungewahesabu watu hao kuwa wamevunja kanuni ya kutokuwa na mikopo miwili kwa wakati mmoja.

Tarehe ndani ya DBF huandikwa kwa tarakimu nane, mwaka ukiwa kamili, lakini karani alikuwa akiandika tarakimu mbili tu za mwaka kwenye skrini. Clipper isiyopewa amri ya SET EPOCH huichukulia 03 kuwa 1903. Panga wanachama kwa tarehe ya kujiunga na utazame juu ya orodha. Waliojiunga kabla chama hakijazaliwa watajitokeza wenyewe. Namba zilizoachwa tupu ni suala dogo zaidi: Clipper inazihesabu kuwa sifuri, nawe fanya hivyo, isipokuwa pale wastani unapokokotolewa.

Majina nayo yana jambo lake. Herufi za Kiswahili hazipati taabu katika kurasa za herufi za DOS, ila majina yenye ng' huandikwa kwa alama tatu au nne tofauti, kutegemea kitufe ambacho karani alikizoea, na mtu mmoja huonekana kama watu wawili. Alama hiyohiyo pia hukatiza amri ya SQL, lugha ya kuamrisha kanzidata, iliyoungwa kwa kubandika maneno. Chagua alama moja, zibadilishe zote, hifadhi na maandishi ya awali, na kila amri ya kuingiza data ipitishe thamani kama vigezo, kando ya maneno ya amri yenyewe.

Kanuni zilizofichika

Data ni nusu ya mali. Nusu nyingine ni kanuni, na hizo zimo katika mafaili ya PRG, yaani maandishi ya awali ya programu, kama yamebaki, na katika vichwa vya watu kama hayakubaki. Ukiyapata mafaili ya PRG, yasome yote kwa kalamu, hata kama ni kurasa mia mbili, na uandike kila hesabu unayoikuta: riba inaanza kukokotolewa siku gani, adhabu ya kuchelewa inatangulia mtaji au inafuata, hisa zinazimwa vipi mtu anapofariki.

Kuna mtego mmoja ambao ningependa kila fundi aujue kabla hajaanza kutafsiri. Katika Clipper na ndugu zake, alama ya usawa kati ya maneno mawili hulinganisha mpaka pale neno la kulia linapoishia, isipokuwa kama SET EXACT imewashwa. Kwa hiyo sharti linalosema KODI = "4", KODI ikiwa ni namba ya akaunti, ni kweli kwa akaunti 4, 4100, 4105 na 4999. Waandishi wa zamani waliitumia tabia hiyo kwa makusudi, ili kujumlisha akaunti zote za mapato kwa mstari mmoja. Ukilinakili sharti hilo lilivyo kwenye PostgreSQL, kanzidata ya kisasa, utapata akaunti moja au usipate kitu, na ripoti itatoka safi, haina kosa lolote la programu, ila mapato yamepungua. Pitia kila alama ya usawa kati ya maneno na uamue kama ilikusudiwa kuwa sawa kabisa au kuanza na.

Ukadiriaji wa senti ni mtego wa pili. ROUND ya Clipper hupandisha nusu, hivyo 2.5 huwa 3. Amri ya round ya lugha ya Python hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo jirani, hivyo 2.5 huwa 2. Kwa riba ya wanachama 800 kila mwezi, tofauti hiyo itaonekana kwenye urari, yaani orodha ya jumla za akaunti zote. Tumia aina ya NUMERIC ya PostgreSQL, ambayo hupandisha nusu kama Clipper, na usiweke fedha kwenye namba za desimali inayoelea.

Mafaili ya faharasa, yaani NTX na CDX, hayahamishwi, kwa kuwa mfumo mpya hujenga ya kwake. Lakini yasome kwanza, maana yanakuonyesha ni kwa mpangilio gani ripoti zilitoka na ni uga upi uliodaiwa usijirudie.

Kisha kaa na mtu anayeitumia programu. Katika ofisi nyingi yuko mama mmoja ambaye ameitunza leja tangu siku ya kwanza, na anajua kwamba uga wa simu ya pili ndimo ilipoandikwa namba ya mdhamini, kwa sababu programu haikuwa na mahali pa mdhamini. Mwombe akuonyeshe siku nzima ya kazi, wewe ukiandika tu. Usimsahihishe, wala usimwambie kwamba mfumo mpya utalifanya jambo hilo vizuri zaidi, kwa maana akishaona unadharau njia yake hatakueleza iliyobaki.

Kuchagua njia

Kama mafaili ya PRG yapo na ofisi inaridhika na skrini zake, njia fupi ni Harbour, kompaila huria inayoielewa lugha ya Clipper na kusoma mafaili yaleyale ya DBF na NTX. Programu hukusanywa upya kwa hbmk2, chombo cha Harbour, na kuwa programu ya kawaida ya Windows au Linux, na sehemu zinazosumbua huwa chache: vipande vilivyoandikwa kwa C au lugha ya mashine, pamoja na uchapaji. Wapo mafundi wanaoidharau njia hii kwa kuwa haina sura mpya. Mimi naithamini, kwa sababu inaiokoa ofisi kwa wiki chache na kuacha mlango wazi wa kuhamishia data kwenye kanzidata ya kisasa baadaye.

Kama mafaili hayo hayapo, au chama kinahitaji wanachama waulizie salio kwa simu na matawi yaunganishwe, basi andika upya. Hamishia data kwenye PostgreSQL kwa pgloader, inayosoma DBF moja kwa moja, au kwa hati fupi ya Python, yaani programu ndogo ya kujiandikia, ukitumia maktaba ya dbfread. Mimi hupendelea hati, kwa kuwa rekodi zilizofutwa na zile zisizohesabiwa na kichwa zinahitaji uamuzi ambao chombo cha jumla hakiwezi kuufanya. Ingiza kwanza kila kitu kama maandishi matupu katika majedwali ya muda, yenye namba ya rekodi ya awali, ndipo ubadilishe kuwa tarehe na fedha katika hatua ya pili. Ukifanya hivyo, kosa lolote litakaloonekana miezi sita baadaye linaweza kufuatiliwa mpaka kwenye mstari lilikotoka. Katika hatua hiyo ya pili utakuta pia mikopo isiyo na mwanachama, maana DBF haijui uhusiano kati ya mafaili. Iweke katika jedwali la mashaka na uipeleke kwa mhasibu ikiwa imechapwa.

Kulinganisha mpaka zikubaliane

Ripoti za zamani zilikwenda LPT1, mlango wa printa katika DOS, kwa printa ya vitone, kwenye karatasi pana. Programu za kuiga DOS zinaweza kuelekeza LPT1 kwenye faili, na faili hilo ni hazina yako: ondoa herufi za amri, kama namba 15 inayobana maandishi na 18 inayoyarudisha, na utabaki na ripoti unayoweza kuilinganisha na ya mfumo mpya mstari kwa mstari kwa kutumia programu ya diff. Chukua miezi ambayo inajulikana kuwa na vitimbi: mwisho wa mwaka, Februari ya mwaka mrefu, mwezi riba ilipobadilishwa. Anza na urari, shuka kwenye jumla ya kila akaunti, kisha salio la kila mwanachama. Urari unaweza kukubaliana huku salio za watu wawili zikiwa zimebadilishana, kwa hiyo usiishie juu.

Utakuta pia makosa ya programu ya zamani yenyewe. Usiyasahihishe kimyakimya. Fanya mfumo mpya uirudie hesabu ya zamani kwanza, thibitisha kwamba inalingana, halafu sahihisha kwa tarehe iliyotangazwa na kwa uamuzi wa bodi, kwa sababu mwanachama ambaye salio lake limebadilika usiku mmoja ana haki ya kuelezwa.

Baada ya hapo endesha mifumo yote miwili sambamba kwa angalau miezi miwili, mmoja wapo ukiwa mwezi wa kufunga hesabu. Ni kazi ngumu kwa makarani, maana wanaingiza kila vocha mara mbili, na meneja lazima akubali kuwalipa saa za ziada au kuajiri mtu wa muda. Ofisi ikiikataa gharama hiyo, punguza idadi ya vocha zinazorudiwa, chukua tawi moja tu, lakini usiliruke jambo lenyewe.

Siku ya kuhama

Chagua mwisho wa juma baada ya kufunga mwezi. Funga mfumo wa zamani kwa kuingiza data, chapa urari wa mwisho na orodha ya salio, hamisha kwa hati ileile iliyokwisha kujaribiwa mara nyingi, chapa urari wa mfumo mpya, na viwekwe mezani vyote viwili vitiwe sahihi na mhasibu na mwenyekiti kabla ya Jumatatu asubuhi. Andika mapema ni tofauti gani itakayowafanya mrudi kwenye mfumo wa zamani, na nani mwenye mamlaka ya kuamua. Swali hilo halijadiliki vizuri saa nane za usiku.

Mfumo wa zamani usiufute. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinadai kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, na kesi ya mkopo au mirathi inaweza kudai kumbukumbu za nyuma zaidi ya hapo. Weka kompyuta pepe yenye DOS, programu na data ya siku ya kufunga, mafaili yakiwa ya kusomwa tu, pamoja na ukurasa mmoja wa karatasi unaoeleza jinsi ya kuiwasha, nywila iko kwa nani, na alama ya SHA-256 ya kila nakala. Kila Januari, mtu tofauti na aliyeitengeneza aiwashe kwa kufuata karatasi hiyo peke yake, achape salio la mwanachama mmoja, na alibandike chapisho la salio hilo ndani ya jalada la ukaguzi.